Mshale wa Modesta

Betri ya Modesta ilikuwa inameza umeme badala ya kuutoa, na jambo hilo likithibitika, Modesta asingekuwa na fungu tena katika mtumbwi wa Kashindye. Tatizo lilikuwa hilo. Mengine yote yalikuwa kelele.

Mtumbwi wa Kashindye unavua dagaa. Unatoka ufukwe wa Kirumba jioni, unaingia ziwani ukiwa na taa, dagaa wanafuata mwanga, wavu unashushwa, wavu unapandishwa. Taa zikififia kabla wavu haujapanda, dagaa wanatawanyika na watu wanakuwa wamevuta maji matupu. Taa hizo zilikuwa zinawashwa na betri mbili zilizokaa ndani ya sanduku la mbao, zimefungwa pamoja, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Moja ilikuwa mpya, ya Jonathan, mmoja wa wavuta wavu. Ya pili ilikuwa kuukuu, ya Elias, mume wa Modesta.

Kwenye mtumbwi ule mgao unafuata vitu. Mtumbwi una fungu lake, wavu una fungu, kila mtu anayevuta ana fungu, na kila betri ina fungu. Asubuhi dagaa wakimwagwa mchangani, mafungu yanapangwa, na mwenye kitu anachukua chake hata kama alilala nyumbani kwake kitandani. Ndivyo walivyokubaliana tangu mwanzo na hakuna aliyewahi kugombana juu yake.

Elias alikufa maji. Upepo uliwakuta mbali, wengine wakashika mtumbwi, yeye akakosa pa kushika. Siku ya kumaliza matanga Kashindye, ambaye ndiye nahodha na mwenye mtumbwi, alisimama mbele ya watu akasema, "Betri ya Elias haitoki mtumbwini. Maadamu inatoa mwanga, fungu lake ni la Modesta." Watu wakaitikia. Mimi nilikuwepo, nikaona amesema neno zuri. Hakuna aliyefikiria siku ile kwamba betri nayo inakufa.

Fungu lile ndilo lililomweka Modesta mjini. Alikuwa na chanja zake nne pale ufukweni, anaanika dagaa wake, anawauza wakikauka, analipa chumba, anakula. Dagaa wa kununua asingeweza, kwa sababu mwenye kununua anataka mtaji. Ndugu aliyebaki naye ni kaka yake, yuko Usagara, analima mpunga. Modesta aliwahi kukaa kwa kaka huyo miezi michache baada ya msiba, kabla fungu halijamrudisha mjini, akalala jikoni na kuku, akaamshwa kabla ya kuku. Alinisimulia mara moja tu, kisha akasema, "Huko sirudi nikiwa hai."

Mimi naitwa Machibya. Nina kibanda cha betri njia ya kwenda Mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapofikia. Nachaji, naongeza maji, nakaza vichwa vya kufungia waya, nanunua zilizokufa. Shule niliiacha darasa la tano. Elias alikuwa rafiki yangu, kwa hiyo Modesta alikuwa ananiita shemeji.

Taa zilianza kufifia mapema. Kwanza alfajiri, halafu kabla ya alfajiri, halafu wavu wa pili ukawa unavutwa karibu gizani. Wavuvi wakavumilia mpaka mbalamwezi ilipoingia. Siku za mbalamwezi dagaa hawafuati taa, mitumbwi inapumzika, watu wanaziba nyufa na kushona nyavu. Ndizo siku ambazo maneno yote yaliyokaa tumboni hutoka.

Yalitoka siku ya kwanza. Mtumbwi ulikuwa umelazwa ubavu juu ya mchanga, umepakwa lami mpya, mweusi unang'aa. Jonathan akasema kwa sauti ili wote wasikie.

"Betri yangu mnaiua. Nilinunua betri, sikununua mgonjwa wa kumlisha."

"Mgonjwa ni nani?" Kashindye akauliza, ingawa alijua.

"Mzee, si unaona mwenyewe? Niliwaambia tangu zamani. Ile betri ya marehemu inanyonya."

"Betri inanyonya ziwa la nani?" akasema Rose, mwanamke anayeanika jirani na Modesta. "Jonathan, wewe hata mkeo akikuomba chumvi unasema anakunyonya."

Watu wakacheka. Jonathan naye akacheka kidogo, lakini hakuacha.

"Dada Rose, ucheke tu. Betri yangu ikifa, tutavua kwa tochi ya simu yako."

Modesta alikuwa kwenye chanja zake, anageuza dagaa. Hakugeuka. Akasema tu, "Iwasheni peke yake. Kama haiwaki, itoeni."

Hilo ndilo lililowachanganya wote, kwa sababu ilikuwa inawaka. Betri ya Elias ukiifunga peke yake kwenye taa, taa zinawaka. Njano kidogo, lakini zinawaka. Kila mtu alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake. Sasa kitu kinachowasha taa kikiwa peke yake, kikipata mwenzake kinaanzaje kunyonya? Jonathan alikuwa na hisia, hakuwa na jibu. Kashindye alikuwa na ahadi aliyoitoa mbele ya watu.

"Mimi sitoi betri ya mtu aliyefia kwenye mtumbwi wangu kwa maneno ya mdomo," akasema Kashindye. "Nataka namba. Machibya, pima."

Nikamwambia kwamba siwezi kupima anachokitaka. Mita yangu inasoma volti vizuri, lakini upande wa ampea uliungua siku nyingi. Naweza kusema betri ina nguvu kiasi gani. Siwezi kusema umeme unaopita kwenye waya ni kiasi gani, wala unaelekea wapi.

"Basi nani anaweza?"

"Mwalimu Yeremia," nikasema. "Nikimpa volti, yeye anaupata umeme kwa hesabu."

Mwalimu Yeremia alifundisha fizikia sekondari mpaka alipostaafu. Anakaa mlimani juu ya Kirumba, kwenye mawe, na betri ya redio yake nachaji mimi. Si ndugu wa mtu yeyote pale mwaloni. Jonathan alikubali, Modesta alikubali. Modesta alikubali haraka kuliko wote, kwa sababu yeye aliamini hesabu ya mtu msomi ingeona kile ambacho macho yake yaliona, yaani taa zinazowaka.

Asubuhi yake, kabla sijabeba mita, Modesta alikuja kibandani. Alisimama mlangoni, akakataa stuli.

"Shemeji, ni wewe utakayepima?"

"Ni mimi."

"Mwalimu atatumia namba utakazompa wewe."

"Ndiyo."

Akaangalia betri zilizopangwa ukutani. "Ya Jonathan ikisoma kumi na mbili na kitu, yangu haiwezi kusoma kumi na mbili na kitu?"

Nilimwelewa. Ningeweza. Mwalimu macho yake hayaoni tena namba ndogo za mita, na wavuvi hawajui kuisoma. Lakini nilikuwa nimeishika betri ya Elias asubuhi nyingi inapotoka majini. Ilikuwa inarudi na joto. Ya Jonathan inarudi baridi. Betri inayotoa umeme wa taa tu hairudi na joto la namna ile. Nilijua kwamba mchezo ule ukiendelea, betri ya Jonathan nayo itakufa, na mtumbwi mzima utakaa mchangani, na fungu la Modesta litakuwa fungu la kitu kisichokuwepo.

"Siwezi, Modesta."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki. Nikidanganya leo, mtakosa wote."

"Mimi nikikosa peke yangu ndiyo nafuu?"

Nikachukua mita, nikaanza kuifuta vumbi. Akaondoka. Alipofika barabarani akarudi hatua chache, akasema, "Basi ipanguse vichwa kabla ya kupima. Angalau hilo." Nikamwambia nitaipangusa. Na niliipangusa. Nilikwangua kutu yote mpaka risasi ikang'aa, nikajaza maji, nikaichaji mpaka ikashiba. Nilitaka ipimwe ikiwa katika hali yake bora.

Nilipima mbele ya watu wote. Betri ya Jonathan ikiwa imekaa tu: kumi na mbili nukta sita. Ikiwasha taa: kumi na mbili nukta mbili. Betri ya Elias ikiwa imekaa tu: kumi na moja nukta nne. Ikiwasha taa zile zile: kumi nukta nne. Nikazitamka kwa sauti, Mwalimu akazirudia.

Mwalimu hakuwa na ubao. Akauangalia ule ubavu mweusi wa mtumbwi, akatoa chaki mfukoni. Sijui mtu aliyestaafu anatembea na chaki ya nini. Akaanza kuchora kwenye lami kavu: betri mbili huku na huku, taa katikati, waya juu na waya chini.

"Hapa," akagusa mahali waya zinapokutana, "ni njia panda. Umeme unaofika njia panda lazima utoke wote. Haubaki pale kunywa chai. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu," wakasema wavuvi kama watoto wa darasani.

"Umeme unaotoka kwa Jonathan nauita x. Unaotoka kwa Modesta nauita y. Kwa hiyo taa zinapata x jumlisha y. Simjui x, simjui y. Mlinganyo mmoja hauwezi kunipa watu wawili nisiowajua. Lakini nina betri mbili, kwa hiyo nina milinganyo miwili, na miwili hiyo nikiibana pamoja, mmoja atasema."

"Kama polisi," akasema Rose.

"Kama polisi, ila bila rungu. Sasa nachora mishale. Wa Jonathan unatoka kwenye betri yake."

"Na wangu?" Modesta akauliza. Alikuwa amesogea mpaka mbele kabisa, mikono ina magamba ya dagaa.

"Wako mimi ndiye ninayechagua, mama. Bado sijajua."

"Basi uchore unatoka. Mwalimu, nakuomba. Mshale wangu uchore unatoka."

Mwalimu akamwangalia. "Nitauchora unatoka. Hesabu haijali. Nikikosea, yenyewe itaniambia."

Akauchora. Modesta akapumua, kana kwamba kazi imekwisha.

Kutokana na volti zangu Mwalimu akapata ukinzani wa ndani wa kila betri, yaani ile njia nyembamba ambayo umeme unajisukuma nayo kabla haujatoka nje. Kwa Jonathan ilikuwa karibu nukta moja ya omu, kipimo cha ukinzani huo. Kwa Elias nukta tatu. Taa zenyewe, kwa wati zilizoandikwa juu yake, omu tatu. Halafu akaandika, herufi kubwa, na mimi nikasoma kila alama ingawa darasa langu halikufika kwenye x:

12.6 = 0.1x + 3(x + y)
11.4 = 0.3y + 3(x + y)

"Maana yake ni kwamba," akasema, "volti zote za betri lazima ziishie njiani. Kidogo ndani ya betri yenyewe, nyingi kwenye taa. Hakuna inayopotea."

Akafungua mabano, akaandika chini yake:

3.1x + 3y = 12.6
3x + 3.3y = 11.4

"Wa juu nauzidisha kwa moja nukta moja, ili y za juu na chini zilingane. Halafu natoa wa chini. Huyu y anaondoka, x anabaki peke yake."

Akafanya. Ikabaki nukta nne moja ya x ni sawa na mbili nukta nne sita. "x ni sita," akasema. "Betri ya Jonathan inatoa ampea sita."

"Sita!" Jonathan akapiga paja. "Mmesikia?"

"Subiri," Kashindye akasema. "Ya Elias."

Mwalimu akarudi kwenye mlinganyo wa juu. Tatu nukta moja mara sita ni kumi na nane nukta sita. Akaandika, akatazama, akashuka chini, akaandika jibu, akasimama kando ili tuone.

y = -2

Wote tukasogea karibu na ubavu. Kisha Modesta akanyoosha kidole.

"Mbili. Inatoa mbili. Ni ndogo, lakini ni mbili."

"Kuna kakistari mbele," akasema Jonathan.

"Kakistari gani? Chaki imeteleza."

"Haijateleza, mama," Mwalimu akasema. "Ni hasi mbili."

"Hasi mbili ndiyo nini? Nani amewahi kuwa na hasi mbili ya kitu? Nikienda sokoni nikanunue hasi mbili za nyanya?"

Watu walicheka, lakini walikuwa upande wake. Mvuvi mmoja akasema, "Mwalimu, kafute hako kakistari twende tukale." Hata Kashindye akasema, "Pengine umekosea mahali, Mwalimu. Umeme hauwezi kuwa chini ya sifuri. Aidha upo au haupo."

Mwalimu alipitia mstari kwa mstari, kidole kikitembea juu ya lami. Nilimwona midomo yake ikihesabu. Nilitaka akute kosa. Sisemi uongo, nilisimama pale nikitaka mtu aliyesoma miaka yote ile awe amekosea kuzidisha.

"Sijakosea," akasema. "Hasi maana yake ni moja tu. Mshale nimeuchora kinyume."

Modesta aliruka kama mtu aliyeamshwa. "Basi umekosea! Si umesema mwenyewe mshale umekosea? Uchore tena! Watu wote mmesikia, mshale ndio ulikosea!"

"Ulikosea, ndiyo, lakini..."

"Uchore tena, Mwalimu. Tuone kama kakistari kataendelea kuwepo."

Mwalimu akamtazama Kashindye. Kashindye akainua bega. Mwalimu akafuta mshale wa Modesta kwa kiganja, akauchora upya, akaanza hesabu chini ya ile ya kwanza. Safari hii penye jumlisha y aliweka toa y. Alizidisha, akatoa. x akarudi sita. Kisha akashuka kwa y, na jibu likaja:

y = 2

"Mbili!" Modesta akapaza sauti. "Mbili bila kakistari!"

Rose akapiga kigelegele. Wanawake wa chanja za jirani, ambao hawakuona chochote, wakaitikia vigelegele kwa sababu Rose amepiga. Mvuvi mmoja akampiga Jonathan begani, akamwambia akanunue soda za watu wote. Modesta alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, anafuta uso kwa mikono yenye magamba, magamba yanabaki mashavuni. Sijawahi kumwona anacheka vile tangu Elias azikwe.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia mchoro. Kashindye naye alikuwa anauangalia. Yeye si msomi, lakini ni nahodha, amezoea kuangalia kitu kinaelekea wapi.

"Mwalimu," akasema polepole. "Huo mshale mpya unaelekea wapi?"

Kelele zikapungua, kisha zikaisha.

Mwalimu alipangusa chaki kwenye suruali. "Unaingia kwenye betri."

"Ya nani?"

"Ya Modesta. Betri ya Jonathan inatoa sita. Taa zinapata nne. Mbili zinaingia kwa marehemu."

Modesta aliendelea kuitazama ile mbili, safi, haina alama yoyote mbele yake. Kisha akageuka kwangu.

"Machibya, iwashe. Iwashe peke yake waone."

Nikaifunga peke yake kwenye taa. Taa zikawaka, njano, mchana kweupe.

"Hii ni nini sasa?" akamwuliza Mwalimu. "Hii siyo kutoa? Haya, niambie hii ni nini."

"Hiyo ni kutoa," Mwalimu akasema. "Ikiwa peke yake inatoa, mama. Ikikaa na mwenye nguvu kuizidi, inapokea."

"Kama shemeji yangu wa Igoma," Jonathan akasema. "Kwake anajitegemea, akija kwangu hata sabuni ni yangu."

Hakuna aliyecheka. Jonathan mwenyewe akaona aibu, akainama akaanza kuokota kamba isiyokuwa na shida yoyote.

"Na hizo mbili inazopokea," Kashindye akaniuliza mimi, "inazitunza? Baadaye si itazirudisha?"

"Haitunzi," nikasema. "Imeharibika ndani. Inazigeuza joto. Huwa inarudi na joto kila asubuhi."

Modesta aliniangalia. Nilijua anahesabu asubuhi zote ambazo nililijua joto lile na sikumwambia.

Kashindye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ahadi yake ilikuwa imemkaba. Alisema mbele ya watu kwamba betri haitoki maadamu inatoa mwanga. Sasa betri ilikuwa pale mbele yake, inatoa mwanga, na hesabu ilikuwa juu ya ubavu wa mtumbwi wake inasema haitoi.

Mwalimu ndiye aliyeleta wazo. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kuweka ile aibu ya kuwa na jibu sahihi. "Msizifunge pamoja," akasema. "Ya Jonathan iwashe taa za kulia. Hii nyingine ipeni taa moja ya kushoto, peke yake. Haitaingiliwa na mtu. Itatoa kile ilichonacho."

"Naam!" akasema Rose. "Si umesikia, Modesta? Taa yako mwenyewe."

"Ikiwasha?" Modesta akamwuliza Kashindye.

"Ikiwasha, fungu ni lako. Neno langu ni lile lile."

Jonathan naye alikubali. Alisema hana ugomvi na mtu, ana ugomvi na waya.

Mbalamwezi ikaisha. Katika siku zile niliifanyia betri ile kila ninachokijua. Niliichaji polepole, nikaipumzisha, nikaichaji tena. Bei ya betri mpya ilikuwa mafungu ya dagaa ya msimu mzima, kwa hiyo hakuna aliyeitaja, wala Modesta wala mimi. Siku mtumbwi unarudi majini nilimpelekea Kashindye betri, nikaifunga mwenyewe upande wa kushoto. Modesta alikuja kuangalia. Aliweka kiganja juu ya betri.

"Iko baridi," akasema.

"Iko baridi kwa sababu haijafanya kazi bado."

"Wewe nawe! Ungenyamaza tu, Machibya."

Mtumbwi ulisukumwa. Maji yalipanda ubavuni, yakagusa zile hesabu za chaki. Nilidhani zingefutika mara moja. Hazikufutika, lami ilizishika, zikaenda ziwani.

Asubuhi tulingoja mchangani, Modesta, Rose na mimi. Dagaa hawakuwa haba. Upande wa kulia taa zilikuwa zimewaka mpaka kulipopambazuka, weupe ule ule, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Taa ya kushoto ilikufa kabla wavu wa kwanza haujashushwa.

Kashindye alipanga mafungu, akampa Modesta lake. Jioni akabeba tena betri. Asubuhi ya pili ikawa vile vile. Ya tatu ikawa mbaya zaidi, kwa sababu taa ile haikufa, ilibaki nyekundu, inafifia na kurudi. Dagaa wakajikusanya chini yake, kisha wakatawanyika wavu ukiwa katikati. Wakapata nusu wavu. Wavuvi walirudi wamenuna, na hakuna aliyemwangalia Modesta.

Kashindye alifungua waya mwenyewe. Akaibeba betri kifuani, akapita kwenye mchanga, akaiweka chini mbele ya chanja za Modesta taratibu, kama anayeweka kitu kinachoweza kuumia.

"Shemeji," akamwambia, "haitoi."

"Najua," akasema Modesta. "Mwalimu alishaandika."

"Nilisema mbele ya watu."

"Ulisema maadamu inatoa. Hukukosea neno, mzee."

Kashindye akarudi mtumbwini. Jonathan alimletea Modesta beseni la dagaa siku ile, na siku iliyofuata. Halafu akaacha. Simlaumu. Ana watoto wake. Betri yake ilipona, siku hizi inatoa nne badala ya sita, na taa zinawaka mpaka asubuhi.

Modesta alimaliza kuanika wale aliokuwa nao. Alimwuzia Rose miti ya chanja, na Rose akaitumia kupanua zake. Alikabidhi chumba. Siku anapanda gari la Usagara nilimbebea kigunia chake mpaka stendi. Njiani nilimwambia kwamba hata ningedanganya, mwisho ungekuwa ule ule, labda ungechelewa msimu mmoja.

"Msimu mmoja," akasema. "Ungenipa huo."

Hesabu yake ni hii, na sihitaji chaki kuifanya. Betri moja, nimeipeleka Igoma kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, imeshavunjwa. Fungu moja la dagaa, ambalo sasa linaongezwa kwenye mafungu mengine na hakuna anayeliona limeongezeka. Chanja nne. Chumba kimoja, ameshaingia mpangaji mwingine. Mtumbwini hakuna tena kitu cha Elias. Mwalimu Yeremia hateremki tena mwaloni, betri ya redio yake ananitumia kwa mtu. Modesta analala jikoni kwa kaka yake. Hunipigia simu mara moja moja kuuliza bei ya dagaa, kama mtu anayekusudia kurudi. Nikipokea nasikia kuku nyuma yake, halafu yeye, aliyezoea kuniita shemeji, anasema, "Shikamoo, fundi."